Naomba Nirudishiwe Ugonjwa Wangu wa Moyo

Ivuga, mlimani juu ya Makanya,
Upare.
Juni, 1953.

Kwa Bwana D.C.,
Boma la Same.

Bwana D.C. mwenye sikio la kusikiliza,

Salamu zangu zikufikie hapo bomani penye joto, zikukute mzima wewe na Memsabu na yule mbwa wako wa masikio marefu. Mimi pia ni mzima. Na hilo ndilo lalamiko langu.

Pengine jina langu limekutoka, lakini uso wangu hausahauliki. Mimi ndiye Melkizedeki Mrindoko, niliyekuambia siku ile ya maonyesho ya ng'ombe kwamba fahali uliyempa ushindi alikuwa na mguu mbaya, na kweli alichechemea kabla hujafika kwenye gari lako. Nimetembea, Bwana. Nimefika Mombasa, nimefika Kolombo, nimefika Burma, ile ya vumbi na ile ya matope. Kapteni wetu nilimpikia mchuzi wa pilipili akalia machozi, kisha akanyoosha sahani niongeze. Shule niliiacha darasa la tatu kwa kuwa mwalimu alikuwa amemaliza yote aliyoyajua. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kutulizwa kwa chupa ya dawa.

Mambo yalianza hivi. Mvua za masika zilipokolea, moto uliniwaka kifuani. Ulianzia hapa chini ya mbavu, ukapanda katikati ya kifua mpaka kooni, ukaniachia mdomoni maji makali kama ndimu iliyosahauliwa juani. Nikajua ni moyo. Huko Burma tulikuwa na sajini mmoja, mtu mnene na mcheshi, aliyeshika kifua chake katikati ya hadithi nzuri na hakuimaliza. Tangu siku ile nimeujua ugonjwa wa moyo kama ninavyomjua shemeji yangu.

Nawe unajua desturi yetu, na kama huijui muulize karani wako. Mzee wa Kipare akiona safari yake imekaribia, huwaita watu wake, hushika kibuyu cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa, akanena wosia, kisha kila mmoja akapiga funda. Neno lililonenwa juu ya kibuyu hicho halitenguliwi. Hata wewe, usiudhike, huwezi kulitengua.

Basi niliwaita, nikashika kibuyu, nikanena. Mwinjilisti Simeoni nilimpa koti langu la jeshi. Binti yangu Lydia nilimpa ruhusa ya kuolewa na Yusto, kijana wa huko ziwani Jipe, ambaye nilikuwa nimemkataa kwa sababu watu wao hutia samaki hata kwenye chakula ambacho hakijaomba samaki. Na mdogo wangu Naftali, ambaye kwa miaka mingi tulisalimiana kwa kukohoa tu, nilimwachia kitu tulichokuwa tukikigombea: zamu yangu ya maji ya ndiva. Wewe umeiona ndiva yetu, lile bwawa la mlimani linalojaa usiku kucha, likafunguliwa asubuhi, maji yakashuka mferejini hadi mashambani. Zamu yangu ilikuwa ya kwanza kabisa, maji yakiwa bado na nguvu na hasira. Nikampa. Mimi nikachukua yake, ya mwisho, ambayo maji yakinifikia yanakuwa yanalamba mawe tu. Nilidhani sitakuwepo kuyaona.

Watu walilia vizuri sana. Nimehudhuria maagano mengi, na bila kujipendelea, langu lilikuwa bora. Naftali alilia mpaka akashikwa kwapani. Mimi mwenyewe nilijililia. Ila mke wangu Dorkas hakulia. Alikunja khanga yake, akasema mbele ya wazee wote, "Baba Lydia, kwa kuwa bado unapumua, kesho twende hospitali."

Tukashuka hadi hospitali moja ya misheni huko bondeni, kwa Bibi Daktari, Mzungu mwembamba anayesema Kiswahili cha kunyooka. Huyo ndiye aliyeniingiza katika aibu niliyo nayo. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

KWANZA. Hakunipima, alinihoji. Nyuma yake palikuwa na kabati la vioo lililojaa vyuma vinavyong'aa, vingine na meno. Nilikuwa nimevaa tai na kujiandaa kwa kile kikubwa kuliko vyote. Hakufungua hata mlango wa kabati. Alikaa kitako akauliza maswali, kama mama mkwe. Moto unakuja lini? Baada ya kula? Ukilala? Unaacha uchachu mdomoni? Nionyeshe unapopita. Nikamwonyesha kwa kiganja chote, toka tumboni hadi shingoni. Akaandika. "Unashuka kwenye mkono?" Nikamwambia mkono huu umewahi kumwinua nyumbu matopeni, moto hauthubutu kuushukia.

Hapo akatega mtego wake. "Mzee, na ukipanda mlima, kifua kinabana?"

Bwana D.C., mimi ni mtu wa kweli. Nikamweleza kwamba hutoka Makanya hadi Ivuga na gunia la chumvi mgongoni, nikiimba, na vijana wanaonifuata hunisihi nipumzike kwa ajili yao.

"Hakibani kabisa?"

"Mama, mimi hubanwa na uvivu wa wenzangu tu."

Akatabasamu, akaweka kalamu chini. Ndipo ugonjwa wangu wa moyo ulipotoka mlangoni, na ni mdomo wangu mwenyewe uliouonyesha njia. Laiti ningejua, ningehema kidogo. Akatia ile mipira masikioni, akasikiliza kifua, akasema moyo wangu unakwenda kama saa ya stesheni. Nikashukuru, nikidhani nasifiwa, kumbe nahukumiwa.

PILI. Alimwuliza mke wangu. Dorkas huyu, ambaye kanisani huwezi kumsikia hata akiimba, alifunguka kama ndiva. Akasema nakula bakuli la makande ambalo watu wengine wangelinawia. Akasema natia pilipili ya Burma. Akasema juu yake nateremsha dengelua, kisha najilaza kabla kijiko hakijakauka. Halafu, Bwana D.C., akaingia mpaka chumbani. "Na analala kichwa chini miguu juu, kama popo."

Naomba nijieleze. Nyumba yangu, kama zote za Ivuga, imeng'ang'ania mlima. Sakafu inateremkia mlangoni, na mfereji wa ndiva unapita chini ya mlango. Mimi nililaza kichwa upande wa mlango, ndiyo kusema upande wa chini, ili nisikie maji. Naftali akithubutu kufungua ndiva kabla ya wakati na kuiba zamu yangu, sikio langu lingekuwa la kwanza kujua. Huo si upopo, ni ulinzi. Wewe pia umeweka askari mlangoni pa boma, wala hakuna daktari anayekuuliza kwa nini.

Bibi Daktari akamwambia Dorkas, si mimi, "Basi kila anacholala nacho tumboni usiku kinateremka kuja kooni." Wakacheka, wanawake wawili, mimi nikiwa nimekaa hapo na tai yangu. Nimemwuliza karani wako, naye ameniambia kwamba katika mahakama ya Kiingereza mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Dorkas hakulazimishwa, hilo nakubali. Alijitolea. Lakini nani alimfungulia mlango?

TATU. Aliniinamisha kwa hila. "Mzee, samahani, niokotee kijiko kile kimeanguka." Nikidhani ni ajali, na kwa kuwa nililelewa vizuri, nikainama. Moto ukapanda wote, mpaka puani.

"Umekuja?"

"Umekuja."

Akaandika tena. Bwana D.C., nimepigana na Mjapani. Mjapani alikuwa akipiga kelele kwanza ndipo avamie.

NNE. Picha. Kwa kuwa nilikuwa nimekonda, akasema anataka kuhakikisha kwamba tumboni na kooni hakuna kidonda wala uvimbe. Akanipeleka mjini kwa treni, kwenye hospitali yenye mashine ya kupiga picha za ndani. Nikafua tai. Huko kijana wa mashine alininywesha uji mweupe ambao, kwa ulimi wangu wa mpishi, naapa ulikuwa chokaa. "Meza, mzee, usiteme. Ukuta unaupaka mwenyewe, kwa ndani." Kisha ile meza niliyolazwa ikageuzwa, kichwa changu kikaenda chini, na hata hapo sikuwa na habari kwamba wananilaza vile ninavyolala nyumbani.

Nikaomba nakala ya kutundika sebuleni. Nilipoonyeshwa, Bwana D.C., haina uso. Haina tai. Ina mbavu, na katikati yake mkondo mweupe kama mfereji wetu, unaotoka tumboni kurudi juu. Nikamwambia kijana, sisi ni watu wa ndiva, maji kupanda mlima hatujapata kuona, picha umeishika juu chini. Akaigeuza. Ikawa mbaya zaidi. Kidonda hakuna, akasema, uvimbe hakuna, ila lile tundu la juu la tumbo limelegea, halifungi sawasawa, ndiyo maana chakula na uchachu wake vinarudi. Bibi Daktari naye aliposoma akasema alikuwa ameshajua tangu siku ya kijiko, picha ilikuwa ya kuondoa wasiwasi tu. Nimekunywa ukuta mzima kwa ajili ya kuondoa wasiwasi!

TANO. Chupa. Akanipa dawa nyeupe, akasema, "Kunywa baada ya chakula. Kula kidogo jioni, usilale upesi, weka mawe chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, na kigeuze kichwa kiwe juu. Ukipata nafuu, tumejua ni nini. Usipopata, rudi tutafute kingine."

Itazame hukumu hiyo kwa macho ya haki. Nikiumwa, ni mgonjwa. Nikipona, nimeshindwa kesi. Nilijitahidi nisipone. Nilikaa uani nikausubiri moto, hata nikauita kwa jina. Lakini Dorkas alikuwa ameshageuza kitanda, na mimi sikuwa na sababu ya kumzuia, maana maji ya asubuhi si yangu tena, nisikilize nini? Nikalala kama mtoto aliyeshiba. Nikaamka bila ndimu mdomoni. Kupona kwangu kumekuwa shahidi wa mwisho.

SITA, na hili ndilo linalonitoa usingizini, ingawa kwa sasa nalala vizuri. Jina. Baada ya yote hayo, treni, chokaa, kijiko, alisema nina kiungulia.

Kiungulia! Ugonjwa wa wajawazito! Wanawake wetu husema mja mzito akichomwa na kiungulia, mtoto atazaliwa na nywele nyingi. Unafikiri habari ilikaa hospitalini? Ilinitangulia kupanda mlima, na mimi sipandi polepole. Nilipofika mferejini, Mama Ernesta akatua mtungi wake ili acheke kwa nafasi. "Shikamoo, Baba Lydia! Unatazamia lini?" Mwenzake akadakia, "Muacheni akae, jamani, hali yake si ya kusimama!" "Mtoto tutamnyoa, Baba Lydia, usihofu!" Nikaitikia marahaba kwa heshima zote, nikapita, nikiwa nimeshika kiuno, bahati mbaya, kwa sababu ya ule mlima.

Sasa hali yangu ndiyo hii. Mwinjilisti Simeoni hunipita kila asubuhi ya baridi, ndani ya koti langu, akanisalimia mikono ikiwa mifukoni mwangu. Naftali anasimama kwenye shamba lake la kijani kibichi, ndani ya maji yangu. Maharage yangu mimi yamejikunja majani kama yanasali. Na harusi ya Lydia ni baada ya mavuno hayo hayo. Watu wa Jipe watapanda huku na njaa zao na samaki wao, nami nitawaandalia nini? Mawe yaliyolambwa? Binti yangu atatoka nyumbani kwa baba aliyeaga akarudi, mwenye bakuli tupu na ugonjwa wa kike. Kuomba zamu yangu siwezi, kibuyu kimekwisha kunenewa. Njia ya heshima iliyobaki ni moja tu: ugonjwa uwe mkubwa kama wosia.

Kwa hiyo naomba, kwa mamlaka yako ambayo yameweza kuzuia nzige na kuhesabu mbuzi:

Umwamuru Bibi Daktari anirudishie ugonjwa wangu wa moyo. Hata mdogo.

Kama moyo hauwezekani, aupe ugonjwa huu jina refu la Kilatini, lisilopungua urefu wa Melkizedeki, ambalo Mama Ernesta hataweza kulitamka akiwa na mtungi kichwani.

Kama hata hilo ni gumu, Serikali itoe tangazo kwenye mti wa mnadani kwamba kiungulia cha mtu aliyefika Burma ni cha aina nyingine, kinaua, na kwamba kuchekwa kwake ni kosa la kupelekwa barazani.

Na kama yote yameshindikana, mimi niko tayari kufa kidogo, kwa siku utakayochagua mwenyewe, isipokuwa siku ya mnada maana nina mbuzi wa kuuza.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie Memsabu, umwambie ile mbegu ya kabichi aliyotupa imeota. Msalimie karani kwa msaada wake wa sheria, na mpishi wako, ambaye mchuzi wake naweza kuurekebisha nikipita. Wasalimie askari wa mlangoni, na wafungwa wanaofagia boma, hasa yule anayefagia huku akipiga mluzi. Mbwa pia. Na Bibi Daktari ukimwona, msalimie sana. Nimempelekea mkungu wa ndizi mbivu. Ugomvi wangu naye ni wa ofisini, si wa nyumbani.

Ni mimi, raia wako mtiifu, mzima bila hiari yake,

Melkizedeki Mrindoko,
aliyekuwa mpishi wa Kapteni.

Nyongeza, chini ya sahihi:

Bwana D.C., barua hii nilikuwa sijaifunga. Asubuhi hii Naftali amepanda hadi uani kwangu mbio, kiganja chote kifuani, kibuyu mkononi, na watu nyuma yake wakianza kulia. "Kaka," ananiambia, "ni moyo. Nakwenda. Nimekuja kunena wosia wangu mbele yako. Zamu ya kwanza..."

Unaelewa alichokuwa anataka kusema. Nilikuwa na kazi moja tu, kunyamaza. Angenena, tungepiga funda, na maji yangenirudia bila mtu wa kuyatengua. Nikafungua mdomo ili nilie vizuri, na badala ya kilio nikajisikia nauliza, "Unakuja ukila, au ukilala?"

"Nikilala. Kaka, nife kwanza."

"Na hapa umepanda mlima mbio. Kifua kilibana?"

Akafikiri. "Hapana."

Nikaangusha kijiko changu cha dawa. "Hebu niokotee."

Akainama, akainuka macho yakimtoka.

"Umekuja?"

"Umekuja."

Nikamgeukia mkewe, Priska. Akasema tangu apate zamu ya kwanza, Naftali amegeuza kitanda, kichwa mlangoni upande wa chini, apate kusikia mferejini kama mimi namwibia.

Nikamnyang'anya kibuyu kabla hajatoa neno. Nilimshika mkono tukateremka kwake, nikamnywesha dawa yangu nyeupe, tukakigeuza kile kitanda, mimi upande wa kichwa, yeye miguuni, Priska akisukuma mawe kwa mguu. Tulipomaliza tukaketi juu yake, tukihema, na Naftali, mzima, bila kibuyu wala shahidi, akasema, "Kaka, kwa nini tusiifungue ndiva pamoja, maji yakaenda nusu kwako, nusu kwangu?" Nikakohoa kwa mazoea. Kisha nikasema ndiyo. Ninapoandika hapa, maharage yangu yanakunywa, na watu wa Jipe watakula mpaka wasahau samaki.

Basi lalamiko la kwanza hadi la sita, yafute. Bibi Daktari mwache kama alivyo, na kijiko chake. Mwambie tu aongeze chupa, maana sasa tunakunywa wawili. Koti Simeoni abaki nalo, ila mikono aitoe mifukoni anaponisalimia.

Naftali anakataa kata kata kwamba ni kiungulia. Anasema nimemwonea wivu moyo wake, naye ameniomba karatasi na kalamu akuandikie kulalamika. Nimempa. Barua yake ikifika, Bwana D.C., usimsikilize yeye. Muulize mkewe.